Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Pili

Kwa wazazi na walezi wetu,

Salamu. Leo tumefunga muhula wa pili. Mambo ya karo na tarehe ya kufungua mtayakuta kwenye ripoti; mimi nina neno kuhusu mafua.

Baridi ya Juni na Julai hapa Nairobi mnaijua. Mtoto mmoja wa PP1, darasa la awali, akianza kukohoa, wenzake hawachelewi kumfuata. Nimewatazama wakichora: huyu anafuta kamasi kwa mkono wa sweta, kisha anampa jirani yake krayoni ileile. Ndivyo virusi vinavyosambaa.

Wengi wa wanafunzi wetu hupona wenyewe. Anayenitia wasiwasi ni yule mdogo aliyebaki nyumbani. Kuna virusi viitwavyo RSV, ambavyo huwapata karibu watoto wote kabla ya kutimiza miaka 2. Kaka yake vitamtoa kamasi tu, lakini kwa mtoto mchanga vinaweza kushuka hadi mapafuni na kuziba vijia vya hewa. Kwa hivyo mwanafunzi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake, na akiwa na mafua asimbusu.

Walimu wamekuta chupa za antibiotiki mikobani, zilizonunuliwa kemisti bila mtoto kupimwa. Wazazi wangu, antibiotiki haziui virusi. Mpeni mtoto vinywaji vya kutosha, na anayenyonya anyonyeshwe mara kwa mara. Asiyetimiza mwaka asipewe asali. Na tafadhali, jiko la makaa lisilale chumbani na watoto, hata baridi ikizidi: hewa yake inaua.

Mtoto akikohoa, mfunueni kifua akiwa ametulia, mhesabu pumzi kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Aliye chini ya miezi 2, ni 60. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, au midomo ikigeuka buluu, msingoje kukuche.

Tukifungua, mwenye homa abaki nyumbani, nanyi mpigieni mwalimu wa darasa. Hataadhibiwa kwa kukosa shule, na masomo yaliyompita tutamfundisha.

Wenu,
Mwalimu Mkuu