Shoga, mteja usimfiche

Shoga yangu mambo, za hapo Lindi? Huku Mtwara wazima, watoto wamefunga shule, joto ndo usiseme.

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Kwanza hongera kwa kuanza udalali wa fremu na maghala, ila hapo uliposema wateja wako unawaficha madalali wenzio wasikuibie, hapo nimekaa nikafikiria sana, maana mimi nilianza hivohivo na ikaniumiza.

Kuna msimu mmoja wa korosho haujafunguliwa bado nikapata mnunuzi kutoka Dar anataka ghala la kuhifadhia mzigo akishashinda mnadani mpaka meli ije. Nikasema huyu simwambii mtu. Nikahangaika mwenyewe nikapata ghala upande wa Mangamba, sakafu nimeipima kwa hatua, bati nzima, chaga za kupangia magunia zipo, na mwenye ghala tushaelewana kodi. Siku ya kuonyesha yule baba hata hakuangalia bati, alienda moja kwa moja kwenye kona akawasha tochi ya simu akamulika ukutani, kuna mstari wa tope umekauka usawa wa goti. Akaniambia dada, hapa masika maji yanaingia. Na korosho ikipata unyevu inaota ukungu, bei kwisha. Akapanda gari akaondoka. Jioni nikamsimulia dalali mmoja mzee akasema mwanangu ungeniuliza tu, lile ghala kila mtu hapa analijua.

Sa hivi Jumamosi asubuhi tunakaa kwenye kahawa, madalali, mpima mmoja, mthamini, wakili, fundi umeme, na wenye majengo wawili watatu. Ukileta mteja na jengo likawa la mwenzio, ile kodi ya mwezi mmoja anayolipwa dalali mnagawana nusu kwa nusu, na mtu akikudhulumu mara moja hakuna tena wa kumpigia simu. Nusu inaonekana ndogo lakini mimi napata nusu nyingi, zamani nilikua nasubiri moja nzima miezi mitatu. Na unajifunza shoga, kuna mzee alitaka kumfukuza mpangaji wake kampuni kisa imekata asilimia 10 ya kodi ya pango, wakili akamkalisha akamweleza ile ni kodi ya zuio, ya serikali, mpangaji anaikata na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, adai stakabadhi yake tu, yakaisha palepale. Siku nyingine nilitajiwa nyumba ambayo kaka anataka kupangisha wakati dada zake hawajaridhia mirathi, hilo kwenye hati hulioni ng'o, linajulikana na majirani.

Halafu hapo kwenu naona kila mtu anakimbilia viwanja kwa ajili ya kile kiwanda cha gesi kinachopangwa kujengwa Likong'o. Mimi sisemi wasinunue. Ila yaliyotukuta huku unayajua, 2012, 2013 gesi ya huku ilipopamba moto watu walijenga gesti mpaka wakakopa, bomba la gesi la kwenda Dar likakamilika 2015, wageni wakapungua, vyumba vikabaki na mashuka yake. Waliopona wengi nawajua ni wale waliokua wanakaa na wenzao, mmoja anasikia ofisi inatafuta jengo anampigia mwenzie, gesti ikageuzwa ofisi, maisha yakaenda. Aliyejifungia na jengo lake alikaa nalo.

Kwa hiyo Jumamosi hii panda basi la alfajiri uje, nitakupokea stendi twende wote kahawani. Njoo na picha za ile fremu yako, na namba ya kiwanja uiandike vizuri mpima aiangalie, na ukweli wote kuhusu choo chake usiufiche, wataulizia tu. Na mteja wako yule wa duka la dawa mtaje, mimi nadhani kuna mwenzetu ana jengo linalomfaa hapohapo Lindi.

Niletee na ufuta kilo mbili, wa huku bei imenishinda.

Shoga yako