Mahema ya Barabara ya Colfax

Lakewood, Colorado
Jumapili, baada ya magharibi

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Mimi huku sijambo, baridi imeanza kupungua na wazee ninaowahudumia kazini wameanza kutoka nje kuota jua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema yule mzee wa Pongwe mwenye kifua kikuu amejengewa kibanda nyuma ya nyumba, ana sahani yake na kikombe chake, chakula anawekewa mlangoni kisha wanaondoka. Tena mwenzako mnayefuatilia naye wagonjwa amekuambia usipoteze nauli, mzee huyo ameshakwisha. Ukaniuliza mimi ningefanya nini. Nimechelewa kujibu kwa sababu kuna habari nilitaka kukusimulia kwa utulivu. Ni ya mahali ninapopita kila siku nikienda kazini.

Kando ya barabara ya West Colfax kuna majengo ya zamani yenye baraza pana, na miti mikubwa katikati yake. Mwaka 2003 chuo cha sanaa kilihamia pale. Lakini mwaka 1904 palikuwa uwanda mtupu nje ya mji wa Denver, na juu yake yalisimamishwa mahema yenye sakafu za mbao. Ndani ya mahema hayo walilazwa wagonjwa wa kifua kikuu. Wengi wao walikuwa Wayahudi maskini waliokimbia Urusi na nchi za jirani wakaja kushona nguo na kusokota sigara katika miji ya mashariki ya Marekani. Unajua wewe mwenyewe kazi kama hizo zinavyofanyika: chumba kimoja, watu wengi, dirisha limefungwa. Ugonjwa huu haukuhitaji kutafuta njia.

Kwa nini Denver? Mji uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake kavu, jua karibu mwaka mzima. Robert Koch alikuwa amemgundua mdudu wa TB mwaka 1882, lakini dawa ya kumuua ilikuwa bado. Kilichobaki ni kupumzika, kulala kwenye hewa safi hata wakati wa baridi, na kula vizuri: maziwa, mayai, nyama. Basi watu wakauza walichonacho, wakakata tiketi ya treni, wakashuka Denver wakitema damu na mfukoni hamna kitu. Wenye nyumba za kupanga waliwakataa. Wengine walianguka barabarani.

Mwanamke aliyewaona na asiweze kunyamaza aliitwa Frances Wisebart Jacobs. Alihangaika huku na huko kuomba hospitali ijengwe, akafariki mwaka 1892 kabla haijasimama. Jengo likakamilika, lakini mwaka 1893 bei ya madini ya fedha ikaporomoka, na Colorado ilikuwa ikiishi kwa migodi ya fedha. Milango haikufunguliwa. Zuhura, hospitali ile ilikaa tupu miaka sita huku wagonjwa wakipita mbele yake! Mpaka chama cha Wayahudi cha B'nai B'rith kilipoibeba, ikafunguliwa Desemba 1899 kwa jina la National Jewish Hospital for Consumptives, yaani hospitali ya Kiyahudi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kanuni yake ilikuwa kwamba mwenye uwezo wa kulipa haingii, na aliyeingia halipi. Na mgonjwa wao wa kwanza hakuwa Myahudi. Hilo nalipenda sana.

Lakini ilikuwa na masharti. Ilipokea wale ambao ugonjwa wao bado mchanga, na kwa kawaida waliruhusiwa kukaa miezi sita tu. Siwalaumu moja kwa moja. Vitanda vilikuwa vichache, nao walitaka kuwapa nafasi wanaoweza kupona. Ila fikiria mtu aliyesafiri siku kadhaa kwenye treni, amefika, anaambiwa kifua chako kimeoza mno, nenda. Aende wapi? Halafu kulikuwa na jambo la chakula. Wakubwa wa hospitali ile walikuwa Wayahudi wenye asili ya Ujerumani waliokwisha kuzoea maisha ya Marekani, na jiko lao halikufuata sheria ya chakula cha Kiyahudi, ile ya kosha. Mgonjwa wa kutoka Urusi aliyelelewa kwa sheria hiyo angekula nini? Wewe fikiria mamako amelazwa ugenini, hajui kama nyama aliyopewa ni halali, na daktari anamwambia kula ndiyo dawa.

Ndipo wakajitokeza watu wasio na kitu. Walikuwa mafundi na vibarua, wahamiaji, baadhi yao wagonjwa wa kifua wenyewe. Walikutana, wakachanga, wakapata dola moja na senti kumi. Kwa fedha hiyo wakaanzisha Jewish Consumptives' Relief Society, chama cha Kiyahudi cha kuwasaidia wagonjwa wa kifua kikuu, na mwaka 1904 mahema yakapokea wagonjwa. Waliamua kumpokea yeyote, hata aliyefikia hatua ya mwisho, bila malipo. Jiko lilikuwa la kosha. Mlango ulikuwa wazi kwa watu wa dini yoyote. Na kaulimbiu yao waliitoa katika Talmudi, kitabu cha sheria na mafunzo ya Kiyahudi: anayeokoa nafsi moja ameokoa ulimwengu. Nilipoisoma nilikaa chini. Ndiyo ile ile ya Suratul Maida, aya ya 32, tuliyohifadhishwa madrasa, na yenyewe inasema hayo waliandikiwa Wana wa Israili.

Mtu aliyelibeba jambo hili alikuwa daktari Charles Spivak. Alizaliwa Kremenchuk, katika Ukraine ya leo, akaingia Marekani mwaka 1882, akasomea udaktari Philadelphia. Alihamia Denver kwa sababu ya mkewe, ambaye naye alikuwa na kifua. Alikuwa katibu wa chama tangu 1904 hadi kufa kwake mwaka 1927. Walisemwa sana, kwamba kuna haja gani ya hospitali ya pili, wanagawanya sadaka, wanapoteza vitanda kwa wanaokufa. Hakurudi nyuma. Michango ilitoka kwa watu wadogo wadogo wa miji mbalimbali, ndiyo maana utakuta jengo moja linaitwa Texas, jingine New York. Mahema yakawa majengo, wakafuga ng'ombe wa maziwa na kuku, wakawa na sinagogi, hata posta yao wenyewe, nayo ikaitwa Spivak.

Na hawakumtazama mgonjwa kama kifua tu. Mshairi Yehoash, aliyekuja Denver kujitibu, alizunguka miji akiwachangishia fedha. Yeye na Spivak wakatunga pamoja kamusi ya maneno ya Kiebrania yaliyomo katika Kiyidi, lugha yao ya nyumbani. Kamusi ilitoka mwaka 1911. Mwanamke mwingine, Fannie Lorber, aliona watoto wa wagonjwa wanazagaa, akaongoza kuanzisha nyumba ya kuwalea mwaka 1907. Na waliokufa mbali na jamaa zao walizikwa kwa heshima, katika makaburi ya Golden Hill.

Spivak mwenyewe aliacha wasia mzito. Alitaka mwili wake wapewe wanafunzi wa udaktari waupasue, Wayahudi na wasio Wayahudi kwa idadi sawa, kisha mifupa iunganishwe na kupelekwa chuo kikuu cha Yerusalemu ikafundishie. Nimefikiria sana juu ya mtu wa namna hiyo.

Dawa ilikuja baadaye. Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman, mzaliwa wa Ukraine vilevile, kijana Albert Schatz aliipata streptomaisini. Mwaka 1954 hospitali ya Spivak na wenzake ikageuzwa kuwa kituo cha saratani. Ile ya kwanza, National Jewish, nayo ipo hadi leo, hospitali kubwa ya magonjwa ya kifua.

Wale watu wa mahema hawakuwa na kidonge hata kimoja, Zuhura, na bado walimpokea aliyekatiwa tamaa. Mzee wako yuko kwenye dawa. Wiki chache akizimeza sawasawa hataambukiza kama mwanzo, na sahani haijawahi kumpa mtu TB. Hayo unayajua kuliko mimi, ila labda wanawe hawajaambiwa mbele yake, yeye akisikia. Mimi ningeenda. Ningekaa naye nje ya kile kibanda, kwenye hewa, nikanywa chai huku wananiona.

Nimekutumia kwenye simu nauli ya mwezi huu na ujao. Ukifika Pongwe muulize anapenda kula nini, uniandikie, nimnunulie. Kama ni samaki, mnunulie wa asubuhi, wasikudanganye na wa jana.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Mwanaisha