Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mafundi na wapigaji wa zeze la nyuzi na ilimba ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba

Wanachama wenzangu habari zenu. Shughuli za kawaida mnazijua, tumeuza, tumefundisha vijana jumamosi, tumepiga harusi na misiba, sirudii.

Hesabu. Tuko 46, ada 24,000 kwa mwaka. Waliomaliza 15, waliolipa nusu 9, wengine 22 hawajatoa hata mia. Ada imeingia 468,000, makato ya mauzo 395,000, jumla 863,000. Kibanda 240,000, rambirambi 100,000, banjo 380,000. Imebaki 143,000.

Sasa hiyo banjo, maana najua ndo mnayoisubiri. Nimesikia maneno, eti mwenyekiti kajinunulia gitaa la kizungu kwa hela ya chama. Kwanza iko kibandani, haijawahi kulala kwangu hata siku moja. Pili banjo sio ya kizungu, ilianzishwa na Waafrika waliopelekwa utumwani kule Amerika, na zile za zamani zilikuwa kibuyu kimewambwa ngozi na kuchomekwa mti, yaani ukiiweka pembeni ya zeze letu unaona kabisa ni ndugu. Wajola wa Senegali na Gambia mpaka leo wana akonting, kibuyu, ngozi, nyuzi tatu, mmoja wao mfupi unaopigwa kwa dole gumba kama ule uzi wa tano wa banjo. Na 2005 mpiga banjo Béla Fleck alitoka Marekani na banjo yake akaja hapa Tanzania akapiga na Anania Ngoliga wa ilimba, zikaelewana vizuri tu.

Tatu, na hii ndo sababu yenyewe, ni ngozi. Kila fundi hapa anajua mvua za Januari zikianza ngozi inalegea, zeze linakuwa kama linaongea limefunikwa blanketi, tunakaa kuota nalo moto ndo lipige. Wenzetu wa banjo walishatatua, ngozi inabanwa na pete, pete inavutwa na ndoano za chuma zenye nati kuzunguka duara lote, ikilegea unakaza kwa spana basi. Nimeifungua mwenyewe, nikapima, nikajaribu kwenye vibuyu viwili, cha kwanza kilipasuka, cha pili nikakivisha kwanza duara la mti, kimepita mvua zote bila moto. Hilo zeze liko pale, njooni mlipige kabla ya kunisema.

Ni kweli sikuitisha kikao cha kununua banjo. Niliitisha viwili kabla ya hapo, cha kwanza walikuja 7 cha pili 5, na muuzaji alikuwa anaondoka nchini wiki ileile, ningemwambia asubiri akidi? Mafundi wanaolalamika sana ni walewale hawajalipa ada na hawajaja, na hili linaniumiza kwa kweli, kwa sababu wazee wetu wa kutengeneza ilimba wamebaki wachache, hata kujua utando gani wa buibui unabandikwa kwenye tundu ili sauti iwe na mvumo wanajua watatu tu humu, na kijana akija jumamosi anakuta mimi na mhazini peke yetu.

Mwaka ujao tunatarajia kupanda vibuyu vyetu wenyewe, tukipata shamba, na Mungu akijalia tualikwe hata kwenye tamasha la Bagamoyo. Madeni ni 636,000, mhazini anapokea hata kidogo kidogo.