Albamu ya Jumamosi: Double Infinity ya Big Thief

Ndugu wanakikundi,

Albamu tutakayoisikiliza Jumamosi hii, saa 10 jioni, ni Double Infinity ya Big Thief, bendi ya Marekani ya roki mbadala, iliyotolewa Septemba 5, 2025 na 4AD, lebo huru ya London. Ina nyimbo 9.

Ni albamu yao ya kwanza tangu mpiga besi wao alipoondoka mwaka 2024, wakabaki watatu: Adrianne Lenker, Buck Meek na James Krivchenia. Hawakutaka kuziba nafasi hiyo tu, bali waliwaalika wanamuziki wengi katika studio ya Power Station, New York, wakapiga pamoja kwa majuma matatu, kwa muda wa takriban saa 9 kila siku, pasipo kurekodi kila ala peke yake na kuja kuziunganisha baadaye. Ndiyo maana ngoma na magita yanasikika kama watu wanaoitikiana chumbani, jambo ambalo mimi nalithamini kuliko usafi wa studio.

Naomba mmsikilize kwa makini Laraaji, mmoja wa wanamuziki hao walioalikwa, ambaye ala yake ya nyuzi ni ya ukoo mmoja na ganuni ya taarabu, na ambaye katika wimbo mmoja anapaza sauti isiyo na maneno juu ya uimbaji wa Lenker; hapo nilirudia mara tatu usiku wa jana.

Tafadhali isikilizeni nyumbani mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo, kwa spika au visikizi vizuri, kisha kila mmoja aje na wimbo mmoja anaotaka tuujadili.