Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayesoma falsafa na dini

Mdogo wangu,

Habari zako zimefika Lubumbashi: umeacha uuguzi, unasoma falsafa na dini katika chuo cha jamii huko Marekani. Tantine kauliza ambacho kila mtu hapa angeuliza: "Kumbe anataka kuwa padri?" Usicheke. Kwetu falsafa ndiyo mlango wa seminari kuu, teolojia inafuata. Nimemweleza kuwa chuo chenyewe ni cha miaka 2, ada yake ni nafuu, na ukimaliza unaweza kuhamia chuo kikuu kuendelea na shahada. Ya pesa yakaishia hapo.

Yaliyobaki ni ya imani. Mama anaogopa utasahau kusali. Mpigie umwambie, maana mimi haniamini, kwamba darasani huulizwi unaamini nini. Unaulizwa Wabudha au Waislamu wanaamini nini, na kwa nini. Mtihani si kipaimara.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni ile orodha ya masomo uliyonitumia. Plato, Descartes, Kant, halafu Afrika imebanwa mwishoni kabisa, kana kwamba mwalimu aliikumbuka akiwa mlangoni. Hapo ndipo pako.

Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, aliishi na Waluba wa Katanga. Mwaka 1945 kitabu chake La philosophie bantoue kilichapwa papa hapa mjini, enzi za ukoloni Lubumbashi ilipoitwa Élisabethville. Alidai kwamba kwa Mbantu kuwapo na nguvu ni kitu kimoja, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua. Askofu de Hemptinne wa hapa Katanga alimpinga vikali. Baadaye wakaja wanafalsafa Waafrika wenyewe kumkosoa: Eboussi Boulaga wa Kameruni mwaka 1968, kisha Hountondji wa Benin, ambaye aliwahi kufundisha hapa Lubumbashi. Hountondji anasema mawazo ya kabila zima, yasiyo na mwenyewe wala mpinzani, hayawi falsafa. Lazima mtu aandike, mwingine amkatalie.

Namkubali nusu. Nusu nyingine inanirudisha kwenye Jamaa, ule umoja wa Wakatoliki ulioanza na Tempels huyohuyo kule Kolwezi miaka ya 1950. Walikuwa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, na wake zao, mume na mke pamoja, wakichambua kwa Kiswahili mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Watu waliotoka mgodini wakakaa kuulizana mtu ni nini! Profesa akisema huko hakukuwa na falsafa, mwombe akuonyeshe mpaka ulipo.

Na Tantine akirudia la padri, mtajie mwanafalsafa Mudimbe, mzaliwa wa Likasi. Aliingia monasteri akatoka, akafundisha hapa, akaishia kuwa profesa hukohuko Marekani. Kitabu chake The Invention of Africa cha mwaka 1988 kitafute kwanza.

Insha yako ya muhula iandike juu ya Jamaa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alitoa kitabu kizima juu yao mwaka 1971. Kama maktaba yenu haina, waombe wakiazime kwingine. Rasimu nitumie kwa WhatsApp kabla ya kuikabidhi. Umeme ukiwepo nitakujibu usiku huohuo, na usitegemee sifa.

Yaya wako