Usinunue nyaya mpya kabla hujapima bodi

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Barua yako imefika pamoja na picha, na hapa nyumbani wote wazima. Wasalimie watoto, kisha tuingie kwenye hiyo MGB yako, gari la michezo la Kiingereza, maana ndilo lililokufanya ushike kalamu.

Hiyo seti mpya ya nyaya unayotaka kuagiza, iache kwanza. Indiketa inayozubaa ukikanyaga breki, fyuzi inayokatika ovyo, betri inayoamka imekufa: yote hayo yanaweza kutokea kwenye gari ambalo nyaya zake ni nzima kabisa. Ukifumua MGB ya mwaka 1965 ukaifunga nyaya mpya juu ya kutu ileile, utakuwa umejipatia kazi ya wiki nyingi, na indiketa itaendelea kuzubaa.

Unasema umechomoa balbu ya nyuma, ukapima kwenye holda, ukapata volti 12, kwa hiyo umeme unafika. Hapo sikubaliani nawe. Mita yenyewe haivuti umeme wa maana. Hata waya uliobaki na uzi mmoja, au kiungo kilicholiwa na kutu ya kijani, kitakuonyesha volti 12 bila wasiwasi. Shida inajitokeza pale balbu inapoanza kula. Taa ya wati 48 inavuta ampea 4. Ikipita kwenye kiungo chenye ukinzani wa nusu omu, karibu volti 2 zinapotea hapohapo. Na balbu ya waya inayopata volti 10 badala ya 12 haipungukiwi mwanga kidogo, inabaki na kama nusu tu. Kwa hiyo pima taa ikiwa inawaka. Kipimo cha taa iliyozimwa hakikuambii kitu.

Na usipime njia ya kwenda tu. Watu wengi huufuata umeme kutoka betri hadi kwenye taa, wakifika wanafurahi, wanasahau kwamba lazima urudi, na katika gari lako unarudi kwa kupitia bodi, yaani chuma cha gari lenyewe. Hiyo dalili yako ya breki inanifanya nishuku njia ya kurudi kuliko kitu kingine chochote. Taa ya nyuma ikishindwa kurudisha umeme kwenye bodi pale ilipofungwa, umeme wa breki unatafuta uchochoro: unaingia kwenye waya mwingine ndani ya balbu ileile, unatokea kwenye taa ndogo, unapita huko hadi upate mahali pa kutokea. Ndiyo maana unaona taa zisizohusika zikiwaka nusunusu. Ukiona taa moja inaingilia kazi ya nyingine, shuku bodi.

Fanya hivi. Washa taa, mtu akukanyagie breki. Weka mita kwenye volti, ncha moja iguse chuma cha holda ya balbu, nyingine iguse kichwa chenyewe cha betri upande uliofungwa kwenye bodi. Ukipata zaidi ya volti 0.2, kuna kinachozuia. Sasa isogeze ile ncha ya kwanza hatua kwa hatua: kutoka kwenye holda hadi boliti ya taa, kutoka boliti hadi bodi uliyoikwangua rangi, kutoka bodi hadi kebo ya betri. Pale namba inaposhuka ghafla, ubovu uko katikati ya sehemu mbili ulizogusa mwisho. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Na kwa kuwa una betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, usiisahau ile kebo fupi inayoziunganisha. Imejificha na haisafishwi na mtu.

Kebo inayounganisha injini na bodi nayo ipimwe, mtu akiwa anapiga stata. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo kebo hiyo ndiyo njia yake ya kurudisha umeme. Ikilegea, mamia ya ampea ya stata yatapita popote palipo na chuma, hata kwenye kebo ya choki. Kebo ya choki ikipata joto wakati stata inazunguka, wala usiendelee kutafuta.

Mambo mawili ya gari hili yanaweza kukupoteza, hasa wewe uliyezoea Volkswagen. La kwanza, MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi, hasi ndiyo inayokwenda kwenye taa. Mita ikikuonyesha alama ya kutoa, haijaharibika. Unapoondoa betri, anza na kebo ya bodi kama kawaida, ila kwako ni ile ya chanya. Na usifunge redio ya kisasa wala balbu za LED kabla hujathibitisha kwamba zinakubali mpangilio huo.

La pili ni rangi. Kwenye Volkswagen yako kahawia ilikuwa ya bodi. Hapa kahawia inatoka betri moja kwa moja, haina fyuzi, ina moto, yaani umeme, hata ufunguo ukiwa mfukoni! Ya bodi ni nyeusi. Nyeupe inapata moto ukiwasha swichi, kijani ni ileile nyeupe ikishapita fyuzi, zambarau ni kahawia iliyopita fyuzi. Rangi zikiwa zimefifia, chana kidogo ule utepe unaofunga nyaya; ndani rangi huwa bado mbichi. Zile nyekundu nilizoziona kwenye picha chini ya dashibodi, zilizosokotwa kwa vidole na kuvikwa tepu, si za kiwandani. Fundi mmoja alikuwa na robota la waya mwekundu akaona ndiyo dawa ya kila kitu. Anza kuzifuata hizo, kila moja hadi mwisho wake.

Fyuzi sasa. Acha kuzichoma moja baada ya nyingine, na usithubutu kuweka kubwa zaidi. Chukua balbu ya wati 21, iunge mahali pa fyuzi ya upande wa kijani. Balbu za breki na indiketa zitoe kwanza ili zisikuchanganye. Kama kuna shoti, balbu yako itawaka kwa nguvu zote, lakini hakuna kitakachoungua, kwa sababu haipitishi zaidi ya ampea 2 hivi. Sasa tikisa nyaya taratibu, hasa zinapopenya matundu ya bati na zinapopita karibu na swichi ya breki. Balbu ikizima au ikififia ghafla, ulichoshika mkononi ndicho mkosaji. Zingatia kwamba gari lako lina fyuzi mbili tu na taa kubwa hazipiti kwenye yoyote. Shoti ya huko inachoma nyaya zenyewe, kwa hiyo ukifanya kazi kwenye waya wa buluu, ambao ndio wa taa kubwa, betri iwe imefunguliwa.

La betri kufa usiku ni fupi. Zima kila kitu, iunge balbu ileile kati ya kebo ya bodi na betri. Ikiwaka, chomoa waya wenye herufi D kwenye kisanduku cha kudhibiti dainamo. Ikizima au ikififia sana hapo, pointi za ndani, zile zinazounga na kukata umeme, zimegandana na betri inajimwaga kwenye dainamo. Isipobadilika, tutaendelea na kahawia na zambarau. Balbu isipowaka kabisa, hapo ndipo uweke mita ya ampea, na usipige stata mita ikiwa imeungwa.

Niandikie namba mbili kabla ya kununua chochote: volti kati ya holda ya taa ya nyuma na betri breki ikiwa imekanyagwa, na kati ya injini na betri stata ikizunguka. Ya pili ikizidi nusu volti, anza na hiyo kebo ya injini.

Wako,
Rajabu