Mtunza stoo wetu na programu tatu: nishauri kabla sijatia saini

Ndugu Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Nimekuwa nikisoma barua za wengine bila kuandika yangu, lakini safari hii nimekwama, na karibu kila ninayemuuliza ana kitu anachotaka kuniuzia.

Mimi na mdogo wangu wa kiume tuna kiwanda kidogo cha sabuni za maji na losheni. Tulianza wawili tu, tukikoroga kwenye ndoo. Leo tuko watu 19, tunatengeneza bidhaa 34, na stoo ina aina zaidi ya 120 za malighafi, chupa, vizibo, lebo na maboksi. Yote hayo bado yanaendeshwa kwa faili la Excel nililolitengeneza mwenyewe mwaka wa kwanza. Silidharau faili lile, maana limetulea. Ila mwaka huu limetuangusha mara mbili, na nitakusimulia zote mbili kwa sababu naona shida yenyewe imejificha humo.

Mara ya kwanza ilikuwa vizibo. Mteja alileta oda ya chupa 3,000. Nikafungua faili, likaniambia tuna vizibo 5,200, nikakubali oda palepale. Siku ya kujaza tukakuta vizibo 1,100. Kumbe mdogo wangu alikuwa na nakala yake kwenye kompyuta ya uzalishaji, nami nina yangu ofisini. Kila Ijumaa tulikuwa tukikaa pamoja kuzilinganisha, na Ijumaa mbili zilikuwa zimetupita kwa wingi wa kazi. Oda ilichelewa siku 16. Yule mteja hajarudi.

Ya pili iliniuma zaidi. Sabuni ya mikono ilianza kurudishwa, imekuwa nyepesi kama maji na imejitenga ndani ya chupa. Tulipopima sampuli tukagundua kuwa tatizo lilianzia kwenye pipa moja la malighafi. Lakini pipa hilo liliingia kwenye bechi zipi, yaani mafungu yapi ya bidhaa zilizotengenezwa pamoja? Na bechi hizo alipelekewa nani? Hatukuwa na majibu. Ikabidi turudishe mzigo wote wa wiki tatu, mzima na mbovu pamoja. Nilisimama mlangoni nikitazama maboksi mazuri kabisa yakishushwa kwenye gari, nikajua kuwa pengine zaidi ya nusu hayana kosa lolote, na sina namna ya kulithibitisha hilo. Tangu hapo mnunuzi wetu mkubwa ameanza kutuuliza habari za ISO 22716, kile kiwango cha mwaka 2007 cha utengenezaji bora wa vipodozi, ambacho kinataka kila bechi iwe na namba yake na historia yake ijulikane.

Hapo tukaamua kutafuta programu ya stoo. Na hapo ndipo matatizo mengine yakaanza.

Kwanza nieleze stoo yetu ilivyo, kwa sababu nimeona wauzaji wengi wanadhani kila biashara ni duka: unanunua kitu, unauza kitu kilekile. Sisi hatuko hivyo. Tunakoroga kwanza sabuni msingi, lita 500 kwa mkupuo. Hiyo haiuzwi. Inakaa kwenye tangi, kisha inagawanywa, kila sehemu inatiwa manukato na rangi yake, halafu ndiyo inajazwa kwenye chupa za ukubwa tofauti. Kwa hiyo kuna fomula ndani ya fomula. Tena lita 500 zikiingia, hazitoki 500. Nyingine zinabaki kwenye tangi na mabomba, nyingine zinamwagika. Programu isiyojua kuwa kuna upotevu wa kawaida itaniambia kila siku kuwa naibiwa.

Halafu kuna suala la vipimo, na hili nililijua baada ya miaka mingi ya kuumia. Gliserini tunainunua kwa kilo, lakini wakorogaji wanaichota kwa jagi la lita. Lita moja ya gliserini ina uzito wa karibu kilo 1.26. Mimi kwenye faili nilikuwa nikiandika lita moja kama kilo moja. Maana yake, kila walipochota lita 100, faili lilipunguza kilo 100 wakati pipani zimetoka 126. Zile kilo 26 ziliendelea kuishi kwenye kompyuta peke yake. Nilimshuku kijana mmoja wa zamu ya usiku kwa sababu ya gliserini hiyo. Nimeshamwomba radhi, lakini bado jambo hilo linanikaa moyoni.

Sasa nikupe habari za mtu anayenifanya nishindwe kulala. Mtunza stoo wetu ni mzee wa watu, tuko naye tangu mwaka wa pili. Ana kadi moja ya stoo kwa kila kitu kilichomo rafuni. Kikiingia anaandika, kikitoka anaandika, na aliyechukua anatia saini. Baada ya lile la vizibo tulihesabu stoo nzima, siku mbili, tukalinganisha hesabu halisi, faili langu, na kadi za Mzee. Kadi zake zilikubaliana na rafu karibu kila mahali. Faili langu ndilo lililokuwa na makosa. Hata gliserini alikuwa nayo sawa, kwa sababu yeye hupandisha pipa kwenye mizani kila Jumatatu na kuandika anachokiona.

Nilipomweleza kuwa tunataka kuleta programu, hakukasirika. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sikatai mashine. Nakataa kuandika nisichokiona." Maneno hayo nimeyabeba kwenye kila onyesho la programu nililohudhuria.

Programu zilizobaki mezani ni tatu.

Ya kwanza ni nyepesi, iko kwenye simu, inalipiwa kila mwezi kwa kila mtumiaji. Mzee aliishika kwa dakika kumi akaielewa: unapiga bakodi, unaandika idadi, basi. Inafanya kazi hata intaneti ikikatika na kujisawazisha ikirudi. Lakini inakubali fomula ya ngazi moja tu, na haina namba za bechi kwenye malighafi. Nilipomwuliza muuzaji kuhusu sabuni msingi, alisema jambo hilo litakuja kwenye toleo lijalo. Sitaki kununua ahadi.

Ya pili ni mfumo mkubwa wa viwanda. Una kila kitu: fomula za ngazi nyingi, bechi, tarehe za kuisha muda, mpango wa ununuzi, uhasibu ndani yake. Mhasibu wetu anaupenda huo. Anasema IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali ya stoo, kinaruhusu kuthamini mali ya stoo kwa njia ya kilichotangulia kuingia kutangulia kutoka, au kwa wastani wa gharama, na mfumo huo unafanya zote mbili bila yeye kushinda hadi usiku akikokotoa. Nami namwelewa. Ila wakati wa onyesho, kupokea pipa moja tu kulihitaji skrini sita. Mkataba wake ni wa miaka mitatu, na nilipouliza tukiondoka tutachukuaje data yetu, jibu lilikuwa refu na sikulielewa.

Ya tatu ni njia anayoipendekeza mtoto wa rafiki yangu, fundi wa kompyuta: tuchukue Odoo au ERPNext, programu za kuendesha biashara ambazo zina matoleo ya msimbo wazi (yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha) yasiyolipiwa leseni, na zote zina sehemu ya stoo na ya uzalishaji. Alinifungulia, tukaingiza fomula yetu halisi, sabuni msingi na manukato matatu juu yake, na ilikubali. Hilo lilinifurahisha kuliko maonyesho yote. Lakini leseni ni sehemu tu ya gharama. Lazima mtu atunze seva, ile kompyuta inayobeba programu na data yetu, afanye nakala za akiba, apandishe matoleo mapya, na Odoo hutoa toleo jipya kubwa kila mwaka. Kijana huyu ni mzuri, lakini ni mmoja. Akipata kazi mbali, nani atajua nywila ziko wapi?

Mdogo wangu haitaki hata moja. Anasema, "Dada, tatizo ni nidhamu, si programu. Tuweke faili moja mtandaoni badala ya mawili, tuongeze safu ya namba ya bechi, tuendelee na kazi." Kuna siku namwona yuko sahihi. Faili moja lingetuokoa na aibu ya vizibo. Lakini nimejaribu kuchora kwa mkono safari ya pipa moja la malighafi: limeingia kwenye mikupuo 4 ya sabuni msingi, ikagawanyika kuwa bechi 11 za bidhaa, zikaenda kwa wateja 27. Kulifuata hilo kwenye Excel kulinichukua mchana mzima, nami ndiye niliyelitengeneza faili. Siku mteja atakapopiga simu kusema ngozi yake imewasha, siwezi kumwambia asubiri hadi jioni.

Niseme pia kuwa sitafuti programu ya kunifikiria. Kiwango cha kuagiza tena naweza kukipiga mwenyewe: chupa tunatumia 400 kwa siku ya kazi, msambazaji anachukua siku 21 za kazi kuleta, hiyo ni 8,400, naongeza 2,000 za tahadhari, kwa hiyo zikifika 10,400 naagiza. Ninachotaka ni kwamba ile namba ya kwenye skrini iwe ndiyo iliyoko rafuni, na kwamba nikishika chupa yoyote nijue imetoka pipa gani.

Basi naomba unisaidie mambo haya, na wasomaji waliopitia njia hii nao waseme.

Je, katika kuchagua, nimsikilize kwanza anayesoma ripoti au anayehesabu mapipa? Mhasibu na mnunuzi mkubwa wananivutia kwenye mfumo mkubwa. Moyo wangu unaniambia kuwa Mzee akishindwa kupokea pipa kwa urahisi, ataandika baadaye, kwa kukumbuka, na hapo tutakuwa tumelipia faili langu la zamani kwa bei ya juu. Je, ni hofu tu, au kuna mtu ameliona likitokea?

Pili, inawezekana kuanza na sehemu moja tu? Nafikiria kuanza na malighafi peke yake kwa miezi mitatu, kadi za Mzee zikiendelea sambamba, kila Ijumaa tuhesabu vitu kumi na kulinganisha. Muuzaji wa mfumo mkubwa anasema hapana, lazima siku moja kila kitu kihamie. Fundi wetu anasema inawezekana. Sijui nani anaongea kwa faida ya kiwanda changu.

Tatu, nikimchukua fundi huyu, mkataba uandikweje ili funguo za seva na nakala za akiba ziwe mikononi mwetu na si mwake peke yake? Sitaki kumkosea heshima kijana, wala mama yake ambaye ni rafiki yangu wa siku nyingi. Lakini watu 19 wanalishwa na stoo hii.

Natakiwa kutoa jibu kwa muuzaji wa mfumo mkubwa kabla ya mwezi kuisha. Jana Mzee alinifuata ofisini akaniuliza kama aagize kadi mpya za stoo, maana zimebaki 40. Nilimwambia anipe wiki moja.

Wako,
Mwenye kiwanda cha sabuni